Sheikh Abdallah Bakathir: Mtu Aliyehamia Penye Walimu



Mwezi uliopita, baada ya kumalizika darsa yetu ya Jumamosi hapa Nakuru, alibaki nyuma ndugu mmoja ambaye si mgeni kwetu. Asili yake ni visiwa vya Lamu, na kazi yake ni katika mashamba ya maua ya Naivasha, kando ya ziwa. Mkewe na watoto wao wanne wangali huko kwao pamoja na bibi yao, naye amechoka kuwaona mara moja kwa mwaka. Ataka kuwaleta huku bara. Lakini awaweke wapi? Akiwaweka Naivasha atalala nyumbani kwake kila usiku, kwani chumba alichonacho ki karibu na kazi. Akiwaweka Nakuru watapata skuli anazozitamani, na chuo cha Qur'ani, na watoto wa Kiislamu wa kusoma nao. Lakini yeye atakuwa mtu wa magari, kilomita kama sabini kwenda na sabini kurudi, na kodi ya nyumba itakula nusu ya mshahara. Akatutaka shauri.

Sisi si madalali wa nyumba, wala hatujui mfuko wa mtu mwingine. Tulimwuliza jambo moja tu: je, mkewe amekwisha kuulizwa? Akanyamaza. Tukaahidiana kuonana tena. Lakini usiku ule hatukuacha kumfikiri mtu mwingine wa Lamu, ambaye zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita aliufunga mzigo wake akauacha mji aliozaliwa, si kwa njaa wala kwa ugomvi, illa kwa kuwa mwalimu aliyemtaka yuko mji mwingine. Huyo ni Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, Mwenyezi Mungu amrehemu. Vijana wetu wengi wa huku bara walisikia jina lake na hawajui zaidi ya jina. Basi tumeona bora tuyaeleze maisha yake katika ukurasa huu kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo.

Amezaliwa Lamu mwaka wa 1276 (1860). Ukoo wa Bakathir ni ukoo wa Hadhramaut, katika kabila la Kinda, nao hawamo katika Masharifu. Twalitaja hili makusudi. Katika Lamu ya siku zile nasaba ilikuwa na uzito mkubwa, na mtu aliweza kuwekwa mbele au nyuma katika baraza kwa jina la babu yake. Kijana huyu hakuwa na nasaba ya kumtanguliza wala hakurithi mali ya kumbeba. Alichokuwa nacho ni masikio na subira.

Lamu yenyewe wakati huo haikuwa mji mkavu wa ilimu. Alikuwako Sayyid Mansab bin Abdulrahman, anayejulikana zaidi kwa jina la Mwenye Mansab, mtu aliyesoma Makka na Hadhramaut, ambaye alijitia katika kazi ya kuyaleta mafundisho ya dini katika tenzi za Kiswahili ili yawafikie watu wasiojua Kiarabu. Aliishi umri mrefu hata akafa mwaka wa 1922. Alikuwako pia Sayyid Ali bin Abdallah Jamalilayl. Na katika miaka hiyo akaja kutoka Ngazija kijana wa ukoo huo huo, Sayyid Saleh bin Alawi, ambaye baadaye watu wote walimwita Habib Saleh, na ambaye msikiti wake wa Riyadha wajulikana hata leo. Tazama, msomaji, mambo yalivyo: mmoja alihamia Lamu akakaa mpaka akafa hapo mwaka wa 1935, na mwingine alitoka Lamu akaenda zake, na wote wawili walikuwa wanafunzi wa walimu wale wale. (Juu ya zumari na matari ya maulidi ya Riyadha pana ukhtilafu baina ya wanavyuoni, na sisi tumekwisha kueleza tuonavyo mahali pengine. Leo sipo pake.)

Basi Sheikh Abdallah alisoma kwa walimu hawa mpaka akawa mtu wa kutegemewa. Angalitaka, angaliweza kukaa. Mtu wa miaka ishirini na kitu, ana mke, ana mtoto, ana chuo cha watoto wa mtaa cha kusomesha, na watu wa mji wanamwamkia. Wangapi katika sisi wamesimama hapo hapo? Yeye hakusimama. Alikwenda Makka kiasi cha mwaka wa 1887, akahiji, akakaa mbele ya wanavyuoni wa Kishafii wa mji ule mtukufu. Aliporudi, macho yake hayakuelekea Lamu tena. Yalielekea Unguja.

Hapa hatuna budi kumtaja mtu aliyekuwa sababu ya kuhama kwake, kwani bila ya yeye khabari hii haina maana. Naye ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt. Alizaliwa Itsandraa katika kisiwa cha Ngazija mwezi wa Rajabu mwaka wa 1277, yaani Januari 1861. Baba yake alikuwa Mhadhrami aliyechanganya biashara ya baharini na ilimu. Sayyid Ahmad alisoma kwa baba yake, kisha Unguja, kisha Hadhramaut, na akapewa ukadhi wa Unguja naye bado kijana, katika utawala wa Sayyid Barghash. Lakini haukupita muda mrefu ila hakupatana na Sultani, akaondoka. Akaenda Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, akapata heshima kwa Sultani wa Waturuki, akapita Misri na Makka na nchi nyingine, na ulipofika mwaka wa 1888, mwaka aliokufa Sayyid Barghash, akarudi Unguja. Tangu hapo hakuhama tena. Ukadhi alikuwa nao mpaka mwisho wa umri wake, na nyumba yake ikawa mahali pa kuulizwa kila jambo zito katika pwani yote, tangu Barawa mpaka Ngazija.

Zitazame tena tarehe hizi mbili. Mwanafunzi amezaliwa 1860, mwalimu amezaliwa 1861. Sheikh Abdallah Bakathir alihama kwao, akavuka bahari, akenda kukaa chini mbele ya mtu aliyekuwa mdogo wake kwa umri. Na hakukaa mwezi mmoja au miwili akapata ijaza akaondoka. Alikaa naye zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda huo wote, hata alipokuwa yeye mwenyewe ni mwalimu mkubwa mwenye wanafunzi waliokuja kutoka mbali, hakujiona kuwa amemaliza. Sisi tuliovuka miaka arobaini tunajua jinsi lilivyo gumu jambo hili. Mtu wa makamo akialikwa kusoma kwa kijana hutafuta udhuru: leo miguu, kesho mvua.

Kuhama kwake kulikuwa katika miaka ya mwanzo ya 1890. Unguja ilikuwa imekwisha kuingia chini ya himaya ya Waingereza mwaka wa 1890, na mambo ya dunia yalikuwa yakienda mbio. Mwaka wa 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga mji kwa muda usiotimia saa nzima na jumba la Sultani likabomolewa. Mwaka uliofuata ikatoka amri ya kukomesha utumwa. Bei za karafuu zilipanda na kushuka, matajiri wakafilisika, mashamba yakawekwa rehani kwa Wahindi. Huo ndio mji alioungia Sheikh Abdallah na watu wake. Asidhani mtu kwamba alihamia peponi.

Na safari za zama hizo hazikuwa kama zetu. Kutoka Lamu kwenda Unguja mtu alingoja pepo za kaskazi, akapanda jahazi pamoja na mikeka yake na vyombo vyake na watoto wake, akalala juu ya shehena ya watu wengine, akaomba asishikwe na dhoruba. Akikosa msimu alingoja mwaka. Leo mtu wa Lamu hupanda basi asubuhi, na kesho yake yuko Nakuru akilalamika kwamba kiti kilikuwa kibovu.

Kabla hatujaendelea, tuikumbuke khabari moja kubwa kuliko hii, kwani Sheikh Abdallah mwenyewe aliijua vizuri, naye alikuwa mtu wa madhehebu ya Imam Shafii. Imam Shafii amezaliwa Ghaza mwaka wa 150 (767). Baba yake akafa naye ni mchanga. Mama yake, mwanamke wa kabila la Azdi, akabaki na mtoto yatima katika mji ambao hakuwa na watu wake wala wa mumewe. Alikuwa maskini. Angaliweza kumtia mtoto kazini sokoni. Badala yake alimchukua, naye ana umri wa miaka kama miwili, akasafiri naye kutoka Sham mpaka Makka, ili akulie kwa jamaa zake wa Kikuraishi na apate kusoma. Makka hakuwa na pesa za kumlipa mwalimu wa chuo. Mwalimu akaridhika kumsomesha bure kwa kuwa mtoto yule alikuwa akiwasomesha wenziwe kila mwalimu anapotoka. Karatasi hazikupatikana, akaandika juu ya mifupa na vigae, na mifupa ikijaa ikatiwa katika mtungi wa nyumbani. Kutoka nyumba hiyo alikwenda kwa Bani Hudhayl kujifunza Kiarabu safi, kisha Madina kwa Imam Malik, akakaa kwake mpaka Imam Malik alipokufa mwaka wa 179 (795), na hatimaye Iraki na Misri, ambako alikufa mwaka wa 204 (820). Madhehebu yanayofuatwa na pwani yetu yote yalianza kwa mwanamke mmoja kufunga mzigo. Ndiyo maana tulimwuliza ndugu yetu wa Naivasha juu ya mkewe.

Turudi Unguja. Sheikh Abdallah alifanya makaazi yake katika mtaa wa Ukutani, ndani ya Mji Mkongwe, katika vichochoro vile ambavyo watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenziwe. Mtu asiyeujua mji ule aelewe kwamba wanavyuoni wake waliishi jirani jirani: msikiti hapa, nyumba ya kadhi kule, baraza ya Sheikh fulani baina yao. Mwanafunzi aliyepanga chumba katikati ya mji aliweza kusali Alfajiri mahali pamoja, akasoma fikihi mahali pa pili, nahau mahali pa tatu, na baada ya Magharibi akaingia katika darsa ya hadithi, yote hayo kwa miguu. Mwenye nyumba ya shamba kubwa nje ya mji, hata angekuwa na minazi elfu, hakuweza hayo. Sheikh Abdallah hakuwa na minazi, alikuwa na ujirani, na ujirani ndio aliouhamia.

Basi nyumba ile ya Ukutani, ambayo kwanza ilikuwa ya mtu anayetaka kukaa karibu na mwalimu wake, ikageuka kidogo kidogo ikawa yenyewe ni mahali ambapo wengine wanataka kukaa karibu nayo. Ikajulikana kwa jina la Madrasa ya Bakathir.

Mwaka wa 1314 (1897) alisafiri kwenda Hadhramaut, akaizuru miji ya Shibam, Seiyun na Tarim, akakutana na wanavyuoni wake wakubwa, na aliporudi akaandika kitabu cha safari hiyo kwa Kiarabu, nacho kilikuja kupigwa chapa Misri mwaka wa 1939, naye amekwisha kufa. Watu wengi hukisoma kitabu hiki kwa ajili ya kuzuru makaburi na kusimulia karama. Sisi twakisoma kwa jambo jingine. Katika Seiyun alimkuta Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyejenga ribati, yaani nyumba ya kusomea iliyo na mahali pa kulala na chakula kwa wanafunzi wanaotoka mbali. Kabla ya ribati, kijana wa mbali aliyetaka kusoma ilimpasa awe na jamaa mjini au awe na mali. Ribati iliondoa sharti hilo. Katika Tarim nako ilikuwa imejengwa ribati nyingine, miaka kumi hivi kabla ya safari yake. Watu wa tarehe wameona kwamba mwendo wa Madrasa ya Ukutani, kwa mpango wake wa masomo na kupokea kwake wageni, unafanana na mambo aliyoyaona huko, na sisi hatuoni sababu ya kuwapinga.

Twaweza kukisia maisha ya nyumba kama ile. Vitabu vya tarehe hututajia masheikh na majina ya vitabu walivyosomesha, mlango kwa mlango. Walioteka maji, wakapika wali wa watu ishirini badala ya watano, wakafua kanzu na kuwauguza wanafunzi wenye homa, hao hawatajwi sana. Sheikh Abdallah alikuwa mtu wa safari nyingi: Hadhramaut, Jawa, na katika miaka ya 1913 na 1914 alikwenda mpaka Cape Town katika Afrika ya Kusini kuwapatanisha Waislamu wa huko katika ugomvi wao juu ya sala ya Ijumaa. Kila aliposafiri, nyumba haikufungwa. Pana watu walioibeba, na malipo yao yako kwa Mola wao.

Wanafunzi wake hatuwezi kuwahesabu hapa. Alikuwamo Sayyid Umar, mwana wa Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuja kuwa mkubwa wa wanavyuoni wa zama zake. Alikuwamo mwanawe mwenyewe, Sheikh Abubakar, ambaye alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipohamia Unguja, na ambaye basi alikulia katikati ya ilimu bila ya kuitafuta. Hilo ndilo tunda la kwanza la kuhama: baba alisafiri bahari kuyapata, mwana aliyakuta sebuleni.

Na alikuwamo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Huyu twamtaja peke yake kwa kuwa sisi wa darsa hii tunajihesabu katika wanafunzi wa wanafunzi wake. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, akafiwa na baba yake naye ana miaka minne hivi, akalelewa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Mombasa ilikuwa na wanavyuoni, na jamaa zake wenyewe walikuwa ni wanavyuoni, lakini nao walijua kwamba kijana mwenye akili haachwi mahali pamoja. Akenda Unguja akasoma kwa Sayyid Ahmad na kwa Sheikh Abdallah. Baadaye akatoa Sahifa mwaka wa 1930 na Al-Islah mwaka wa 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka wa 1937, akafa mwaka wa 1947. Katika magazeti hayo ndimo Waislamu wa pwani walimoambiwa kwa Kiswahili wazi, pengine kwa ukali, kwamba wamelala huku watoto wa wenzao wanasoma.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu, na asikasirike mtu. Madrasa ya Ukutani ilikamilika katika ilimu za dini na lugha ya Kiarabu. Haikufundisha hesabu za kisasa, wala jiografia, wala Kiingereza, na hatumlaumu aliyeijenga, kwani kila mtu hujenga kwa mawe ya zama zake. Lakini waliokuja baada yake walikosea walipodhani kwamba ilimu imekwishia pale. Skuli za serikali zilipofunguliwa Unguja mwanzoni mwa karne ya ishirini, wazee wengi waliwazuia watoto wao, wakiogopa kwamba watapotezwa. Mombasa na Lamu ilikuwa hivyo hivyo. Khofu yao ilikuwa na sababu, kwa kuwa skuli nyingi za zama zile zilikuwa mikononi mwa wamishionari. Walakini dawa ya khofu ilikuwa ni kujenga skuli zetu na kuzichunga za serikali, si kukaa barazani. Sheikh Al-Amin aliliona hilo. Aliyotoa Ukutani aliyashika yote, kisha akaongeza kwamba mtoto wa Kiislamu asome na haya mengine pia. Mwalimu alimpa msingi, yeye akapandisha ghorofa.

Basi sisi wa Nakuru tupo wapi? Reli ilifika hapa mwaka wa 1900, na pamoja na reli wakaja Waislamu: mafundi na wachuuzi na askari na wapishi, Waswahili, Wanubi, Wasomali, Wahindi. Hawakuja kwa ajili ya skuli, walikuja kwa ajili ya kazi. Kwa muda mrefu mtu wa pwani aliyeajiriwa huku aliiacha familia yake kwao, kwa kuwa aliona bara si mahali pa kulea mtoto wa Kiislamu. Labda ilikuwa kweli wakati ule. Leo mji umepewa daraja ya jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, serikali haitozi karo katika skuli za msingi tangu mwaka wa 2003, na Njoro pana chuo kikuu cha Egerton, ambacho kilianza mwaka wa 1939 kama skuli ya ukulima. Misikiti ipo, na vyuo vya Qur'ani vipo, au duksi kama wanavyoviita ndugu zetu Wasomali.

Lakini tazama jinsi tunavyochagua nyumba. Mtu akihamia Nakuru huuliza kwanza kodi, kisha maji, kisha kama pana steji ya matatu karibu. Haya ni ya haki kuulizwa, na mwenye mshahara mdogo hana njia ila kuyauliza. Ila skuli huuliziwa baada ya mzigo kwisha kushushwa, na chuo huuliziwa baada ya miaka miwili, mtoto akiwa amekwisha kusahau herufi alizotoka nazo kwao. Kisha mtoto wa miaka saba hutoka skuli alasiri, na chuo kiko upande wa pili wa mji, na mama haruhusu avuke barabara kuu peke yake, naye hakukosa. Hapo chuo huachwa. Hakuna aliyekusudia kukiacha. Kiliachwa na mahali nyumba ilipo.

Katika mitaa ya zamani kama Bondeni twaona familia zinazokaa vyumba viwili vidogo, ambazo kwa kodi hiyo hiyo zingepata nyumba yenye ua huko nje ya mji. Jamaa zao huwacheka. Sisi hatuwacheki, kwa kuwa watoto wao twawaona darsani. Wala hatusemi kwamba kila mtu aweza. Yuko ambaye kazi yake haimpi rukhsa ya kukaa mbali, na yuko ambaye mama yake mzee hawezi baridi ya huku, na ni bora watoto wabaki kwa bibi yao mwenye kuwasimamia kuliko waje mjini wasisimamiwe na mtu. Kuhama si jambo la sifa peke yake. Sheikh Abdallah hakuhamia jumba wala biashara, wala hakuhama kwa kuwa watu wote wanahama. Alimjua mwalimu kwa jina kabla hajapakia mikeka yake. Anayetaka kumfuata na aanze hapo: aje kwanza peke yake, aingie skuli aone walimu na hesabu ya watoto darasani, aketi katika chuo baada ya Alasiri asikie namna watoto wanavyosomeshwa, aitembee kwa miguu njia ya kutoka kimoja kwenda cha pili, kisha ndipo atafute chumba baina ya viwili hivyo.

Sheikh Abdallah aliendelea kusomesha mpaka mwisho wa maisha yake. Alikufa Unguja mwaka wa 1343 (1925). Sayyid Ahmad bin Sumayt, mwalimu wake na rafiki yake, naye akafa mwaka huo huo, tarehe 7 Mei. Mji ukawapoteza wote wawili katika mwaka mmoja, na watu wakadhani kwamba ilimu imeondoka Unguja.

Haikuondoka. Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir alishika mahali pa baba yake, akasomesha mpaka mwaka wa 1943. Miongoni mwa waliosoma kwake alikuwako kijana wa Unguja aliyezaliwa mwaka wa 1912, jina lake Abdallah Saleh Farsy. Huyu naye, alipokuwa mtu mzima, alihama kwao akaja Kenya, akawa Kadhi Mkuu mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ikapigwa chapa Nairobi. Nakala tunayoisomea Jumamosi jalada lake limekwisha kushonwa mara mbili, na ndiyo iliyokuwa juu ya meza jioni ile ndugu yetu wa Naivasha alipobaki nyuma kutuuliza.